Maji ya Kumwosha Bibi

Mama mkwe wangu, Fransiska, alikuwa mkunga wa kijiji chetu karibu na Katesh. Alimwogesha mtoto wangu wa kwanza mara tu alipozaliwa, kama ilivyokuwa desturi. Mtoto alishikwa na baridi, na siku ya tatu tulimzika.

Mama alikwenda zahanati ya shamba la ngano, akakaa benchi moja na wasichana waliojifunza ukunga, nesi akamfundisha kumkinga mtoto mchanga na baridi.

Uchungu wa pili ulinijia mapema, ngano ikivunwa. Mtoto alikuwa mdogo kama kifaranga. Mama alimkausha, akamlaza kifuani pangu bila nguo, akatufunika kwa shuka lake.

Jirani yetu Zita alileta beseni. “Mama, maji haya. Leo huogeshi mtoto?”

“Yatasubiri. Wewe mwenyewe hujaoga tangu Jumapili na bado u mzima.”

Zita alicheka. Mama alitushikilia hadi mtoto aliponyonya, ndipo machozi yakamtoka.

Jana Mama alifariki. Helena, yule mtoto, ndiye aliyepasha maji ya kumwosha bibi yake. Kwanza aliyapima kwa kiwiko, yasiwe ya baridi.