Alipokimbilia Kona ya Kusini

Dakika ya sabini na moja Telmo alifunga, na kwa muda wa pumzi moja Noémia alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Ureno nzima. Halafu akamwona mumewe anakimbilia upande usio wake.

"Anakwenda wapi huyu?" aliuliza Dona Ercília, mama mkwe wake, ambaye alikuwa amempakata mjukuu.

Mashabiki wa Montalvar, timu ya Telmo, walikuwa wamebanana nyuma ya goli la kaskazini na bendera zao za njano, mikono juu, wakimngoja winga wao. Telmo aliwapa mgongo. Alikata uwanja mzima mbio, akaruka ubao wa matangazo, akaparamia uzio wa kona ya kusini. Huko walikaa wenyeji, watu wa Valadim, ambao goli lile lilikuwa linawashusha daraja. Akawanyooshea mikono kama mtoto anayetaka kubebwa.

Kisha matusi yakaanza kumiminika.

"Msaliti! Ametuua, sasa anakuja kutucheka!"

"Dona Ercília!" Ilikuwa sauti ya muuza samaki wa mtaani kwake, safu mbili chini. "Huyu ulimzaa au ulimwokota?"

Mama yule mtu mzima alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Nilimwambia," alinong'ona. "Jana tu, supu ikiwa mezani. Nikasema, Telmo, ukifunga inamisha kichwa, rudi katikati, hapa ndipo ulipolelewa. Wewe utarudi zako Montalvar, mimi ndiye nitakayepanga foleni ya mkate na watu hawa. Akaniapia, Noémia! Wewe si ulisikia?"

Noémia alisikia. Tena hakuhitaji kiapo. Kwa miaka kumi na miwili Telmo alikuwa amezunguka klabu saba: kutoka Valadim akaenda Ubelgiji, ambako walikutana, kisha Denmaki, Polandi mara mbili, Saiprasi, na sasa Montalvar. Kila alipoifunga klabu aliyowahi kuichezea, hakuwahi hata kutabasamu. Wachezaji wote huheshimu jambo hilo, lakini yeye alilishika kama sala.

Basi ana nini leo?

Akamtazama usoni. Telmo hakuwa anacheka mtu. Macho yake yalikuwa yanatafuta kwenye ule umati, safu kwa safu, na midomo ilikuwa ikirudia neno moja. Noémia alilisoma akiwa mbali.

Baba. Baba.

Baba yake Telmo, dereva wa gari la mikate, alikuwa akisimama kwenye kona ile kila Jumapili mwanawe alipocheza hapa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alizikwa Telmo na Noémia wakiwa Polandi, mwaka wa tano sasa.

"Mungu wangu," alisema Noémia. "Hajui yuko wapi."

"Nani hajui?"

"Mama, baki na mtoto."

Dakika ishirini kabla, Telmo alikuwa amegongana vichwa na beki. Daktari alimuuliza, akanyanyua kidole gumba, mchezo ukaendelea. Uwanja mzima hakuna aliyejua kwamba lile lilikuwa pigo la pili, ila Noémia. La kwanza lilitokea mazoezini siku kumi na tisa nyuma. Usiku ule alitapika, na kesho yake Noémia alizikuta funguo za gari ndani ya friji. "Kichwa tu, mpenzi," Telmo alimwambia. "Daktari akijua atanikalisha, na rais wa klabu anaamua mkataba wangu baada ya mechi ya Valadim." Noémia alinyamaza. Carlota wao alikuwa na miaka minne na alishajifunza kusema kwaheri kwa lugha nne. Montalvar ndipo alipopata rafiki wa kwanza. Mama wa mtoto kama huyo hunyamaza.

Akashuka ngazi mbili mbili. Mlinzi akamzuia getini.

"Bibie, huku hapapitiki."

"Yule mume wangu!"

"Ndiyo maana nakuzuia. Watakurarua."

Akampita chini ya kwapa. Karibu na benchi, Bwana Peixoto, rais wa Montalvar, alikuwa amesimama jasho likimtoka, hajui acheke au akasirike.

"Noémia! Huyu kichaa wako karibu aniue kwa presha! Lakini goli ni goli, bwana. Kesho asubuhi mlete ofisini asaini. Miaka mitatu."

Miaka mitatu. Neno hilo alikuwa ameliombea hata akiosha vyombo. Lilimpiga kifuani kama ngumi. Uwanjani Telmo alikuwa amerudi, lakini alijipanga upande wa Valadim, anawaelekeza mabeki wao wakae wapi. Watu wakazomea. Wachezaji wenzake wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Ilibaki robo saa tu. Angenyamaza robo saa moja zaidi, basi.

"Daktari Fragoso!" Sauti ilimtoka kabla hajaichagua. "Mtoe! Mtoe sasa hivi! Aligonga kichwa wiki tatu nyuma, alitapika, nikaficha!"

Daktari aligeuka, uso umemwisha damu. "Wiki tatu? Na bado amecheza? Mama, akipigwa mara ya tatu leo anaweza kufa palepale. Unajua?"

"Sasa najua."

Bwana Peixoto aliketi taratibu kama aliyekatwa kamba. "Noémia," alisema, "unaelewa kwamba mkataba..."

"Mtoeni!"

Wakamtoa. Telmo alikuja mwenyewe, mpole, ameshikwa mkono. Alipofika kwa mkewe alisimama, akamtazama kwa adabu zote, jinsi mtu anavyomtazama mgeni kituoni.

"Samahani, dada," alisema. "Umemwona baba yangu? Huwa anasimama pale."

Miaka minane ya ndoa, na ameitwa dada.

"Hurudi," daktari alimwambia haraka. "Kumbukumbu mara nyingi hurudi, saa kwa saa. Tumewahi. Sikia ninachokwambia, tumewahi."

Walimlaza kwenye machela kando ya gari la wagonjwa. Dona Ercília alifika akihema, Carlota mkononi, na nyuma yake muuza samaki yule yule, kofia kifuani, akiwatawanya watu: "Pisheni! Kijana wetu anaumwa, hamuoni?"

Carlota alijichopoa, akashika kidole cha baba yake.

Telmo alimtazama sana. "Wewe unaitwa nani?"

"Carlota!" Mtoto alidhani ni mchezo.

"Jina zuri. Nani alikupa?"

"Wewe!" Akaangua kicheko.

Telmo alinyanyua macho kwa Noémia. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa, na ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kinachohangaika kuamka. Alimtazama hivyo mpaka gari likafunguliwa. Kisha akasogea kidogo pale juu ya machela, akamwachia Noémia nafasi ya kukaa.