Takia la Kwanza

Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, Sleyum bin Nasser hakumruhusu mtu mwingine kupanga matakia katika majlis yake, chumba cha kupokelea wageni, huko Hail pembeni ya jiji la Maskati. Aliyapanga mwenyewe, amevaa kikoi na fulana, kanzu yake imetundikwa nyuma ya mlango isije ikakunjika. Takia jekundu lenye nyuzi za dhahabu lilikwenda sadri, pale ukutani mkabala na mlango, mahali anapoketishwa mgeni mkubwa. Mengine yalifuata ukuta mpaka penye viatu. Kila takia lilikuwa la mchezaji mmoja wa mpira wa Unguja ya zamani, na mahali pa takia ndiyo daraja ya mchezaji. Daraja hizo hakuziandika popote. Anayeandika, alisema, ni yule asiyejiamini.

Alianza kuzipanga kichwani baada ya kuhamia Omani kutoka Unguja, akiwa karani wa forodha Bandari ya Sultan Qaboos, magari na magunia ya mchele yakishushwa mbele yake, na akaendelea mpaka akastaafu. Alibishana nazo harusini, alibishana nazo kwenye matanga, na mara moja alibishana na daktari wa meno akiwa mdomo wazi. Fahari yake kubwa duniani ilikuwa kwamba hampendelei mtu. Mjomba wake aliyemlea, naye alikuwa beki wa kushoto, takia lake liliwekwa karibu na viatu.

"Kulea alijua," Sleyum alisema. "Krosi hakujua."

Wa kwanza alikuwa Bakhit, na watu wa Unguja walimwita Bakhit Sindano kwa sababu alipenya katikati ya mabeki, akawaacha nyuma yake kama walioshonwa pamoja. Wa pili alikuwa golikipa Maan, mtoto wa watu wakubwa, mwenye mikono ya mpiga udi. Wapo waliomwambia Sleyum kwamba Maan ndiye angestahili sadri, kwa heshima ya ukoo wake. Sleyum aliwajibu kwamba ukoo haujawahi kuokoa penalti. Kisha akawasimulia bao alilofunga Bakhit siku ya mvua pale Mnazi Mmoja, mgongo umeelekea goli, na kahawa ikawapoa mikononi.

Mwaka 1997, Alhamisi moja, Sleyum aliridhika kwamba daraja zake sasa zimekamilika, na wachezaji wakaja. Wote walikuwa wamekwisha kufa, mmoja Unguja, mmoja Dubai, wengine papo hapo Maskati. Waliingia kwa mlango, wakavua viatu vya mpira, wakatoa salamu, na kila mmoja akaketi kwenye takia lake bila kuonyeshwa. Masouda, mke wa Sleyum, aliwapitishia macho akaenda kuongeza maji kwenye birika. Lalamiko lake lilikuwa majani. Miguu ya marehemu ilidondosha majani mabichi ya uwanjani kwenye zulia, na mashine ya kufyonza vumbi ikawa inaziba kila Ijumaa.

Basi wakawa wanakuja kila wiki. Sleyum akibadilisha mawazo juu ya mtu, Alhamisi iliyofuata mtu huyo aliketi mahali pake papya, akapanda au akashuka, na hakuna aliyenung'unika zaidi ya kukunja mdomo. Siku moja aliingia winga ambaye kila mtu alijua yu hai Dar es Salaam. Sleyum alimkaribisha, akampa takia, kisha akapiga simu Dar kutoa mkono wa tanzia. Aliyepokea alimshukuru kwa kuwa wa kwanza.

Baada ya kahawa ilikuwa zamu ya filamu za kuchekesha, maana Sleyum alikuwa na daraja zake huko pia. Kaseti alizinunua Ruwi: za Kihindi, za Kimisri, na moja ya Kizungu ambayo hakuna aliyeelewa maneno yake lakini ndani yake tajiri mmoja anafungiwa kabatini pamoja na mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa ile ya mtumishi anayedhaniwa bwana harusi. Sleyum aliamini daraja za filamu zake ni za haki kuliko za mtu yeyote katika Ghuba nzima, kwa sababu waliozihukumu ni marehemu, na marehemu hawacheki kwa kumfurahisha mwenye nyumba. Walicheka bila sauti. Vikombe vilitetemeka kwenye sinia, naye akajua.

Aliyemimina kahawa alikuwa Ghaliya, binti yao wa pekee, mfanyakazi wa benki. Majirani walimuuliza Masouda kama inafaa mtoto wa kike kuingia mbele ya wanaume wageni. Masouda alisema hao hawana macho ya kuogopwa, na suala likaishia hapo. Ghaliya alianza kwa Bakhit, kama desturi inavyotaka, akashuka na ukuta mpaka kwa mjomba wa baba yake. Alimpenda Bakhit kwa sababu alipokea kikombe kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuweka kifuani. Alimpenda pia kwa sababu alikuwa na nyusi za Muhanna.

Muhanna alikuwa mjukuu wa Bakhit, mhandisi wa winchi za bandarini. Yeye na Ghaliya walijuana chuoni na wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe, kisha Ghaliya akamwambia mama yake, na mama yake akasema, "Nna khofu, lakini waje." Wakaja Alhamisi, mwaka 2001. Alikuja Muhanna na baba yake, Ishaq bin Bakhit, wamevaa vilemba vipya na wamejifukiza udi. Majlis ilikuwa imejaa marehemu.

Mgeni mwenye haja huketishwa sadri, lakini sadri ilikuwa na mtu. Ishaq alimbusu baba yake mkono, Muhanna akambusu babu yake kichwani, nao wakaketi chini yake. Golikipa Maan alisogea kuwapa nafasi. Ghaliya alimimina kahawa na kutoka, akasimama ukumbini nyuma ya pazia, ambako kila mtu alijua yupo.

Ishaq alipokea kikombe chake akakiweka chini kwenye zulia bila kukinywa. Kwa watu wa Maskati hilo ni neno tosha: mgeni ana haja, na kahawa hataigusa mpaka haja yake ijibiwe. Sleyum alikiona kikombe, na kwa kuwa alijua haja ni ipi, alianza kwa sifa.

"Ishaq, baba yako huyu ndo wa kwanza. Nimeyasema haya mbele ya mabalozi, nimeyasema mbele ya masheikh. Mguu kama ule haujazaliwa tena, wala hautazaliwa. Waliniambia nimuweke Maan. Nikasema, wallahi siwezi kudhulumu haki ya mtu."

Maan aliinamisha kichwa kukubali. Sleyum akaendelea na bao la siku ya mvua, mwanzo mpaka mwisho, na machozi yakamlengalenga, wala hayakuwa machozi ya uongo.

"Tunakushukuru," Ishaq alisema. "Basi tumekuja kutaka udugu. Nnamuombea mwanangu Muhanna mtoto wenu Ghaliya."

"Muhanna kijana mzuri, mashallah. Ana dini, ana kazi, ana adabu." Sleyum alizungusha kikombe chake kitupu. "Lakini, Ishaq, mambo haya yana kufu."

Kufu ni kulingana, na anayelitaja neno hilo kwa upole namna ile huwa hana haja ya kulifafanua. Babu wa huyo Bakhit alizaliwa katika shamba la karafuu la babu yake Sleyum, wala hakuzaliwa pale kama mgeni. Alipewa jina la ukoo wa mwenye shamba kama ng'ombe anavyopigwa chapa, na jina hilo lilivuka bahari pamoja na wote, likaandikwa kwenye vitambulisho vya nyumba zote mbili kwa herufi zile zile.

"Kwenye paspoti jina letu moja," Ishaq alisema.

"Paspoti ya serikali, bwana."

"Na takia hili la baba yangu?"

"Takia la mpira," Sleyum alisema.

Muhanna alikuwa mwekundu wa masikio, lakini aliketi wima, mikono magotini. Ishaq alisimama. Kahawa yake ilibaki chini, imejaa. Alimwinamia Bakhit akamwambia, "Twende zetu, baba." Misuli ya mapaja ya Bakhit ilikaza, ile ile iliyowahi kuuinua uwanja mzima, lakini hakuinuka. Alijaribu tena. Kisha akakitua kikombe chake kwenye zulia, kimejaa, kando ya kile cha mwanawe. Ishaq na Muhanna wakatoka bila yeye.

Wiki ile yote Sleyum hakulala vizuri. Aliogopa kwamba Bakhit amekasirika na hatakuja tena, na kwamba sadri itabaki tupu, na watu watasema daraja zake zimevunjika. Alhamisi ilipofika, Bakhit alikuwa wa kwanza kuingia. Alivua viatu, akatoa salamu, akaketi kwenye takia jekundu. Ghaliya alimpa kahawa, naye akaiweka chini.

"Unaona?" Sleyum alimwambia mkewe jikoni. "Hana kinyongo. Mtu mkubwa yule."

"Ataacha vipi kuja?" Masouda alisema. "Si wewe uliyemweka?"

Sleyum aliona kwamba hilo ni sifa. Ghaliya, aliyekuwa akiosha vikombe, hakuliona hivyo. Alifunga bomba, akakausha mikono, akamkabili baba yake.

"Baba, mshushe basi."

"Nimshushe nani?"

"Bakhit. Mtoe sadri. Mtoe kabisa kwenye daraja zako, apate kwenda kwa mwanawe. Yupo mitaa miwili tu kutoka hapa, Baba. Kila Alhamisi anapita mlango wa Ishaq kuja kukaa mbele ya mtu aliyemkatalia."

"Nimtoe Sindano? Nimuweke nani, Maan?"

"Yeyote. Ama hivyo, ama unipe Muhanna. Moja katika mawili."

Sleyum alimtazama binti yake kwa huzuni ya kweli. Alimpenda. Alipokuwa mdogo alimbeba mabegani kwenye maonyesho ya sikukuu ya taifa na alikuwa tayari kumpa figo. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwahi kukifanya katika maisha yake, na hakuona kwa nini akianze uzeeni.

"Siwezi kusema uongo, mwanangu," alisema. "Yule ndo wa kwanza. Baba yako hapendelei."

Ghaliya angeweza kwenda mahakamani kumshitaki kwa kumzuilia ndoa. Hakwenda, kwa sababu hakutaka kumsimamisha baba yake mbele ya watu. Uchungu wake aliumeza kwa namna yake. Wachumba walikuja, wenye nasaba ndefu kama treni. Alikuja mtoto wa mkurugenzi, alikuja mwenye maduka Sib, alikuja mmoja ambaye ukoo wake una ngome. Ghaliya alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akamtolea jibu kupitia kwa mama yake kwa neno moja.

"Mwambie si kufu yangu."

Masouda alilifikisha hivyo hivyo, bila kulipunguza, na kila alipolifikisha alisimama wima zaidi. Walionyimwa walishangaa kidogo, wakatafuta kwenye shajara za nasaba za koo zao ni wapi wamepungua. Muhanna alipata kazi Doha, kwenye winchi kubwa zaidi, na alipokuja likizo aliegesha gari nje ya benki, wakazungumza kidogo kupitia kioo kilichoshushwa. Hakuoa.

Sleyum naye alikuwa na shida zake. Bakhit hakunywa kahawa tena. Sleyum alibadilisha iliki, akabadilisha maji, akaagiza buni ya Yemen, na bado kikombe kilitua zuliani kimejaa. Mwisho alisema kwamba wachezaji wakubwa huwa wanachunga afya zao. Shida nyingine ilikuwa filamu ya mtumishi anayedhaniwa bwana harusi. Siku hizi alipoiweka hakuna kikombe kilichotetemeka, hata pale mtumishi anapopandishwa farasi. Sleyum aliiangalia mara nyingi kutafuta kasoro. Akaona kweli imechuja, na kwa kuwa hapendelei, aliishusha mpaka ya saba.

Mwaka 2006 alipata mgeni wa heshima, ofisa kutoka Maskati yenyewe, aliyekuwa amesikia habari za majlis ile na anakusanya kumbukumbu za michezo. Alikuja Alhamisi. Alipeana mikono na marehemu wote, akaketishwa chini ya Maan, akaomba radhi kwa kuwa anajua zaidi habari za kriketi. Sleyum hakuwahi kuwa na fahari kama siku ile. Alimwonyesha mchezaji mmoja mmoja na kumweleza kwa nini huyu yuko hapa na yule yuko pale, na kwamba humu ndani mtu hupimwa kwa mguu wake tu, si jina, si rangi, si mali. Ofisa alisema nchi inahitaji watu kama yeye.

Ghaliya aliingia na birika. Alikuwa amevaa dhahabu zake zote. Alipiga goti mbele ya takia jekundu, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu ile ya posa, akamimina.

"Karibu kahawa, babu," alisema.

Bakhit aliweka mkono wa kushoto kifuani, akakipokea kikombe, akakiweka chini. Akamtazama Ghaliya kwa macho ambayo Unguja nzima iliwahi kuyajua, ya mtu ambaye amekwisha uona mpira utakapoangukia na hana wasiwasi.

"Kumbe mna udugu," ofisa alisema. "Ni babu yako?"

"Ni babu wa mchumba wangu," Ghaliya alisema, na akasogea kwa Maan.

Ofisa alimgeukia mwenye nyumba, akisubiri aelezwe. Sleyum alirekebisha kilemba chake, akatabasamu.

"Ndo mpira huo," alisema. "Unaunganisha watu."

Ofisa akakubali kwa kichwa, akaliandika hilo, na Sleyum akaanza kumsimulia bao la siku ya mvua.