Somo la Kwanza la Akech

Akech aliingia kwenye ukumbi wa kupanda kuta akiwa tayari amefura kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya mdogo wake, Frankline. Tangu Aprili, Frankline alikuwa amelala kwenye kochi nyumbani kwao, mtaa wa Mowlem, nyonga imevunjika, na Akech ndiye aliyempikia, akamwogesha, akamfokea. Wote wawili walikuwa mafundi wa rangi. Frankline alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo walilokuwa wakilipaka huko Tassia, na Akech, aliyekuwa kando yake, aliandika kwa mkono wake kwamba kijana aliteleza kwa uzembe. Karatasi aliletewa na Mbuthia, foreman wao, msimamizi wa mjengo. Jumatatu watu wa bima wangemuuliza tena, na jibu lake lilikuwa lile lile. Kila siku alimwambia Frankline yale yale: ni uzembe wako, mtu mzima anatelezaje?

Jumamosi hiyo hakuja kwa kupenda. Alikuwa amepaka rangi ofisi za ukumbi huo wa kupanda kuta, na mwenye ukumbi akamzawadia somo moja la bure. Akech alicheka sana. Watu wanalipa wapande ukuta, halafu washuke bila hata kuupaka rangi.

Mwalimu, binti mwembamba aitwaye Jacky, alimvisha mishipi ya kiunoni na mapajani, akamfungia kamba. Jacky alipogeuka tu, Akech akalifungua lile fundo na kufunga lake, la kukazia miti ya jukwaa la ujenzi. Kwenye mjengo unapanda kitu ulichokifunga mwenyewe, basi.

"Madam, umefanya nini?" Jacky aliuliza.

"Nimefunga poa. Hii kazi nimeifanya miaka mingi."

"Hapa hakuna mtu hupanda kabla mwenzake hajaangalia fundo lake. Hata mimi huangaliwa."

Fundo likafungwa upya. Akech alipanda kwa nyodo, maana vile vishikio vya rangi rangi vilikuwa rahisi kuliko miti ya Tassia. Karibu na dari, mguu ukachomoka. Alijua kinachofuata, kwa hiyo akafumba macho. Alishuka kama shibiri mbili, kamba ikamkaza mapajani, akabaki ananing'inia.

Chini hakuna aliyeshtuka.

"Pumzika kidogo, kisha uendelee," Jacky alisema.

"Nimeteleza."

"Kila mtu huteleza. Si ndio maana tuko na kamba?"

Akech hakuendelea. Aliomba ashushwe, akaivua mishipi. Ukutani ilitundikwa mingine, kama arobaini hivi, ya watu wanaokuja kucheza. Kule Tassia, kwenye jengo la ghorofa tano, hapakuwa na hata mmoja. Na Frankline aliomba. Mwezi wa pili, mbele ya watu wote, aliomba kamba, Mbuthia akamjibu kwamba wanaume hawafungwi kama mbuzi. Mafundi walicheka. Akech alicheka kuwashinda wote.

Sasa alimchukia Mbuthia. Aliichukia ile karatasi, na zaidi ya yote aliuchukia mkono wake mwenyewe ulioiandika. Miezi minne alikuwa amemgombeza mgonjwa asiyeweza hata kujigeuza, na Mbuthia, mwenye makosa, alikuwa akimpigia Akech simu kila Ijumaa kumuuliza hali ya mdogo wake.

Alifika nyumbani hata viatu hakuvua.

"Jumatatu nitawaambia uliomba kamba," alisema. "Mbuthia akakunyima. Na mimi nikakucheka. Nitasema yote."

Frankline alikuwa akitazama dari.

"Wachana nayo, Akech. Mbuthia amekuja hapa asubuhi. Nimesaini karatasi yangu. Nimesema ni makosa yangu."

"Amekulazimisha?"

"Hapana."

"Sasa mbona usaini uongo, Frankline? Uko na akili kweli?"

Alishasikia sauti yake ilivyopanda, ile ile ya kila siku, na bado hakuweza kuishusha.

"Wewe ndiye ulikuwa hapo," Frankline alisema. "Mimi sikumbuki vile nilianguka. Nakumbuka tu vile wewe huniambia."