Kibuyu cha Mbegu

Uliyaona malori ya mahindi yakienda bandarini, ukageuza uso. Basi leo utasikia.

Dada yangu anapukuchua mahindi kwenye shamba lililokuwa la marehemu baba, ambalo sasa ni la kampuni ya ng'ambo. Kila jioni mlinzi wa getini humvua viatu na kuvikung'uta, isije punje ikatoka naye.

Jana duka halikuwa na unga. Dada akashusha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya jiko tangu tulipofukuzwa mwaka juzi.

"Dada, hiyo si ya kupanda?"

"Nipande wapi, kaka? Kwenye upara wako?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka, akaimimina yote kwenye sufuria. Mbegu ambayo baba aliichagua msimu baada ya msimu, akitenga magunzi yaliyojaa na kutukataza hata kuyagusa, tuliimaliza kwa mlo mmoja, na watoto wakauliza kama kuna nyingine.

Kesho saa tatu asubuhi, ofisi ya ardhi inatia saini kuipa kampuni hiyo bonde letu lililobaki. Usijifanye hukusikia. Njoo, tusimame tuuzibe mlango wa ofisi hiyo.