Niliusogeza Mstari

Mimi ni mwoga. Naliweka wazi mapema msije mkahangaika kulitafuta.

Kila Jumamosi ya kiangazi zamu ni yangu kuchora ramani ya dhoruba za Ulaya nzima, kuanzia Ureno hadi Urusi. Tuko tisa, wa nchi saba, na tunaifanya kazi hii kwa kuipenda tu. Daraja la kwanza maana yake jihadhari, la pili ni hatari, la tatu jifiche. La tatu halichorwi ovyo. Ukilichora bure mara mbili, hakuna atakayekusikiliza tena.

Nami nilishalichora bure wiki moja kabla. Niliizungushia Slovenia yote ya mashariki, watu wakaahirisha harusi, halafu jua likawaka mpaka likazama. Baba yangu, Vendel, kamanda wa zimamoto wa kujitolea kijijini kwetu Vrbišče, alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa.

"Nuša, hiyo mvua yako tumeisubiri na miavuli. Imepitia kwa bibi yake nini?"

Basi Jumamosi iliyofuata, vipimo vya puto la hali ya hewa la asubuhi vikanitisha. Joto na unyevunyevu vilikuwa vimebanwa chini na hewa kavu, kama sufuria iliyofunikwa ikichemka. Nikachora daraja la tatu, nikakizingira kijiji chetu, kisha mkono ukasita. Nikaurudisha mstari nyuma upana wa kidole kimoja. Kwenye ramani ile, kidole ni kilomita sitini. Vrbišče ikabaki daraja la pili. Nikajidanganya kwamba ndivyo sayansi inavyotaka, kumbe ilikuwa haya tupu.

Saa tisa alasiri mawingu yakalipuka upande wa Austria. Saa kumi niliona kwenye rada dhoruba moja ikipasuka vipande viwili karibu na mpaka. Kimoja kilielekea kaskazini, kingine kikakata kulia na kushuka kwetu. Zinazokata kulia ndizo zinazoua. Na siku hiyo ilikuwa sherehe ya zimamoto ya kila mwaka, watu mia nne chini ya hema moja, na bendi jukwaani.

Nikapiga simu.

"Baba, watoe watu hemani. Sasa hivi."

"Ehee, profesa! Njoo ule, nyama imeiva."

"Sitanii. Una dakika ishirini na tano."

"Mwanangu, ramani yako nimeibandika mlangoni. Tena nimeisoma kwenye maikrofoni: binti yangu kasema daraja la pili, kunyweni! Daraja la pili tumelicheza mara ngapi humu?"

"Hiyo ni ya asubuhi, baba."

"Sasa niamini ramani au niamini simu? Juzi nilimwambia mwenye harusi aahirishe, mpaka leo wananiita Kamanda Jua Kali. Nikilishusha hema hili, watanitungia wimbo."

Watu walikuwa wanapiga makofi nyuma yake. Ningeweza kumwambia kwamba hali imebadilika ghafla, lakini ungekuwa uongo wa pili, na asingenyanyua mguu.

"Baba, hakuna kilichobadilika. Nilijua tangu asubuhi. Niliwatia ndani ya daraja la tatu, halafu nikausogeza mstari kwa sababu ulinicheka. Nilikuogopa wewe kuliko dhoruba."

Bendi ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Pumbavu," akasema taratibu, na sikujua anamtukana nani. Kisha akaondoa simu sikioni, nikamsikia akipaza sauti, "King'ora! Pigeni king'ora!"

Simu ikakatika, na kila nilipopiga tena haikupatikana. Hungaria na Slovakia nazo zilikuwa na watu wanaosubiri nisahihishe ramani, basi nikachora huku nalia. Ile rangi ya zambarau, mbaya kuliko zote kwenye rada, ilikaa juu ya Vrbišče dakika kumi na moja. Nilizihesabu zote.

Saa kumi na dakika hamsini mama akapiga. Mama yangu Gizela si mtu wa kulia, na hakuwa analia.

"Watu wote wametoka, wako ndani ya kituo cha zimamoto. Baba yako alirudi kufunga mitungi ya gesi. Mlingoti wa hema umemwangukia, miguu yote miwili imebanwa. Wenzake wanakata chuma, wanasema itachukua saa nzima."

"Yuko macho?"

"Yuko macho, anawafokea." Nikasikia sauti ya baba, nyembamba, siyo ile ninayoijua. Mama akarudi kwenye simu. "Anakuuliza, kuna dhoruba nyingine nyuma ya hii?"

Nikatazama rada. Ilikuwepo, palepale mpakani, imeshaanza kukata kulia. Mwili wangu wote ulitaka kumwambia hapana, apumzike, imekwisha.

"Ipo, mama," nikasema. "Dakika ishirini na tano."