Chumvi ya Futari

Kwa maneno ya Christabel, Mama Komora alitoka nyuma ya pazia la hoteli ya Sagal mchana kweupe, siku ya Ijumaa, tena Ijumaa ya Kwaresima, akifuta mdomo kwa ncha ya leso. Christabel huuza ndizi ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli ile, na jicho lake halina mapumziko. Alisema Mama Komora aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akatema mate kwenye kichaka cha mathenge, kisha akashika njia ya kwao kama mtu aliyesahau chungu motoni.

"Harufu ya supu ya mbuzi ilimfuata mpaka hapa kwangu," akamalizia Christabel. "Mimi simsengenyi mtu, Lois. Nasema nilichokiona."

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, Garsen yote ikawa na njaa moja. Hoteli chache zilizokuwa wazi mchana zilitundika pazia mlangoni, ili msafiri asiyefunga ale bila kuwakera waliofunga. Basi mtu akitoka nyuma ya pazia anafuta mdomo, nani atamuuliza alifuata nini?

Lois alilipa ndizi zake akaenda. Si mtu wa maneno mengi. Masomo yake yaliishia darasa la nane, lakini Mungu alimjalia sauti ya kusoma, na jumuiya yao ya kanisani ilimpa kazi ya kuwasomea tafakari ya kila siku tangu Jumatano ya Majivu. Siku ile ya kwanza aliwasomea Injili ya kufunga bila kujionyesha, ya kunawa uso ili watu wasijue. Watu walimsifu kwamba anasoma utadhani maneno ni yake. Sifa hiyo ilimkaa moyoni kuliko Injili yenyewe.

Jioni walikutana kwa Zadock, mwenyekiti wa jumuiya. Tafakari ilikuwa juu ya kumbeba jirani. Lois aliisoma vizuri sana. Baada ya kusoma, kila mmoja hutoa ombi kwa maneno yake na wengine wakaitikia. Zadock akaomba mto usifurike tena. Mama Komora, aliyekaa mkekani karibu na mlango, akawaombea wajukuu zake anaowalea peke yake. Zamu ikamfikia Lois. Hakujua kama angelisema lile jambo mpaka alipojisikia akilisema.

"Tumwombee mama mmoja kati yetu, ambaye mfungo umemshinda akaenda kujificha nyuma ya pazia. Bwana amrudishe."

Jina hakutaja. Ndio ubaya wa maombi ya namna ile, hayataji jina lakini yanaonyesha nyumba. Vichwa viligeuka mlangoni. Jumuiya ikaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama Komora naye akaitikia. Lois alimsikia. Sauti yake haikutetemeka, ila ilichelewa kidogo nyuma ya wengine.

Kesho yake mama yule hakuja, na keshokutwa vilevile. Zadock alisema pengine ana homa. Christabel akasema ndiyo, homa ya pazia, na watu wakacheka. Lois pia alicheka.

Siku chache baadaye, alasiri moja, Lois alipeleka mchicha kwa Sagal. Sagal ni mama wa Kisomali, mpole, mwenye mwili wake; siku hiyo alimvuta Lois mkono mpaka ndani, penye sufuria za futari, akamuuliza kama yeye na Mama Komora si wa kanisa moja. Mbona haonekani? Anaumwa? Lois akajibu kwamba hajui.

Hapo Sagal akalalamika kwa kirefu. Jana supu ilikuwa bahari, juzi ilikuwa maji ya mto, watu wanafungua saumu kwake huku wamekunja uso. Yeye amefunga, mpishi wake amefunga, na Sagal anaogopa kuweka hata tone ulimini asije akalimeza. Kwa hiyo kila Ramadhani Mama Komora humwonjea chumvi, na jioni hubeba chungu cha chakula kwa wajukuu zake.

"Huyo mama ndio ulimi yangu," alisema Sagal. "Mwaka hii akaniambia na yeye amefunga. Mimi nikamwomba sana. Basi anaonja kidogo, anaenda nje anatema, anafuta mdomo. Nikamwambia, mama, si umeze tu, nani anakuona? Akasema hapana."

Lois alihisi uso wake umewaka, na moto wa jikoni haukuwa na hatia. Sagal alikuwa ameshachota supu, anamnyooshea kijiko.

"Wewe pia Mkristo. Hebu nionjee."

Lois akakishika kijiko. Kupitia upenyo wa pazia alimwona Christabel akizipanga ndizi zake, uso umeelekea huku. Akakisogeza kijiko karibu na midomo, asikiguse, akakirudisha.

"Imekolea," akasema.

Sagal akamshukuru, akamwombea dua ndefu. Lois akatoka na midomo mikavu. Alikwenda moja kwa moja hadi mtoni, maana alijua akipitia nyumbani hatafika.

Alimkuta Mama Komora akipalilia mahindi yake ukingoni mwa mto. Akapiga magoti pale pale kwenye tope.

"Mama, nimekukosea. Sagal ameniambia yote."

Mama Komora hakuacha kulima. Alimwambia ainuke, tope la mtoni halitoki kwenye kanga. Alisema ameshamsamehe tangu jioni ile ile, kwa kuwa kinyongo ni kama samaki, ukikilaza kinanuka nyumba nzima. Lois akamuuliza kwa nini basi hakujitetea.

"Si wewe uliyetusomea, mwanangu? Kwamba tukifunga tusijionyeshe. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Lois akasema atasimama kwenye jumuiya awaeleze wote, jina lake lisafike. Mama Komora akatikisa kichwa. Ndipo alipoliacha jembe.

"Ukawaambia nini? Kwamba Mama Komora ni mfungaji hodari? Hapana. Ila nina ombi. Mimi kwa Sagal sirudi, wajukuu zangu wanachekwa shuleni kwa lile pazia, na tangu niache wanalala na uji. Nenda wewe. Mwonjee chumvi mpaka Iddi. Uteme, ufute mdomo, utoke mchana kila mtu akuone. Chungu cha jioni uwaletee watoto. Na watu wakisema, waache waseme, usimweleze mtu. Utanifanyia hivyo?"

Lois alimfikiria Christabel mbele ya ndizi zake, na kile kicheko cha nyumbani kwa Zadock, namna kilivyokuwa chepesi kutoka. Aliwafikiria na watoto. Alijua neno alilopaswa kulisema, nalo lilikuwa fupi.

Mama Komora aliegemea mpini wa jembe akimtazama, wala hakumharakisha. Lois alikuwa bado amepiga magoti, anakwangua tope kwenye kanga yake kwa ukucha.