Sidii Iliyoamia Mpunga

Wallahi, na tena wallahi, haya ninayoyaandika ni kweli tupu, sijaongeza hata punje. Najua watu wa Mgogoni wakisikia mie naapa hushika matumbo kwa kucheka. Ndio mie niliyewasimulia habari za mbuzi aliyetia saini hati ya mizigo bandarini Mkoani, nilipokuwa karani kule miaka thelathini na moja. Mbuzi yule nilimwongezea kidogo. Hakutia saini, aliila ile hati. Lakini hii ya leo sijaiongeza, na ningependa sana ingekuwa uongo.

Jirani yangu na rafiki yangu ni Mbaruk. Tumekua pamoja, tumezeeka pamoja. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, mkono ukagoma. Ulilala pajani mwake, vidole vimejikunja kama kaa aliyekaushwa na jua. Mtu mzima akawa analishwa na mkewe, Bi Maisa, na wageni anawasalimia kwa mkono wa kushoto huku akiwaomba radhi.

Mtaalamu wa viungo alisema vidole vipewe kazi ya kubana na kuachia. Wakamletea mpira wa sponji. "Mie si mtoto mdogo wa kuchezea sponji," akasema Mbaruk. Basi mwanawe Muhannad, aliyeko Maskati, akamletea mashine ya gemu iliyokwishatumika, na sidii moja ya mpira wa miguu. Hapo utoto akaukubali.

Bi Maisa alipoiona ile sidii alichukua rangi ya kucha nyekundu akaitia nukta karibu na tundu la katikati. Ndio mtindo wake. Masufuria yake, sinia zake, sahani zake, vyote vina nukta ile, ili vikiazimwa kwenye shughuli za watu vijulikane pa kurudi.

Sasa sikilizeni. Kilichomfufua mkono Mbaruk si kule kucheza, ilikuwa ile sidii yenyewe. Kila siku baada ya laasiri hakutaka mtu amsaidie. Alifungua kasha kwa mkono wa kushoto, kisha kwa kidole gumba na kidole cha shahada vya kulia akabonyeza kile kitufe cha katikati, akaing'oa sidii, akaibana ukingoni, akaipeleka mpaka mdomoni mwa mashine. Mwanzo ilianguka mara kumi kwa siku. Bi Maisa alikuwa akitandika mto chini. Mwezi wa nne ikaingia bila kuanguka. Bi Maisa alipiga kigelegele mpaka majirani tukatoka mbio, tukidhani mahari ya Tamima imeletwa.

Tamima ni binti yao. Mahari ikaja kweli, na nikaha ikapangwa iwe baada ya mavuno ya mpunga. Mbaruk akatoa sharti moja tu: "Namuozesha mwenyewe, siweki wakili. Na bwana harusi namshika kwa mkono huu." Mnajua inavyokuwa: walii na bwana harusi wanakaa magoti yanagusana, wameshikana mikono ya kulia, na msikiti mzima unaitazama ile mikono. Mbaruk hakuwa akifanya mazoezi ya gemu. Alikuwa akifanya mazoezi ya kumshika mkwewe.

Haya yote nilikuwa nikiyajua. Sisemi sikujua.

Ijumaa moja alinifunga tisa bila. Mwenye mkono nusu, mie nina miwili mizima! Baraza imejaa, madirishani wamejaa.

"Karani, funga bandari hiyo, meli zinaingia tu!" akapiga kelele Ngwali, ndugu yake Bi Maisa.

"Kipa wake hayupo, kaenda kutia saini na mbuzi," mwengine akadakia.

Mbaruk alicheka mpaka akatokwa machozi. "Yakhe, usinune," akaniambia, "Ijumaa ijayo nitafumba jicho moja." Akairudisha sidii kwenye kasha kwa vidole vyake viwili, taratibu, kwa maringo. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wakatoka kwenda kutawadha. Nikabaki nyuma natafuta viatu. Nikafungua kasha, nikaitoa sidii, nikavua kofia, nikaiweka utosini, nikavaa kofia. Ilikaa kama iliyopimwa na fundi.

Nia ilikuwa utani wa siku moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikasali nayo kichwani. Kila nikisujudu inateleza kidogo kuelekea kwenye paji, kana kwamba inataka kutoka ijieleze yenyewe.

Mie nina konde langu la mpunga nyuma ya nyumba, na kuamia ndege kwa sauti koo langu halitaki tena. Kwa hivyo nimetundika kambani sidii mbovu zaidi ya arubaini, za maulidi na za harusi za watu walioachana zamani. Upepo ukivuma zinametameta, ndege wanakwenda kwa jirani. Nikaifunga ile ya Mbaruk katikati yao, nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao ili niwachukue kondeni, nikawaonyeshe kwa mbwembwe. Nikakuta nyumba imepinduliwa. Vitanda viko nje, Bi Maisa yumo chini ya kabati, na Mbaruk amekaa na kasha tupu mapajani. Wote wakanitazama. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, "nilikutanieni tu", na nilikuwa nalo ulimini. Nikaona uso wa Bi Maisa. Neno likarudi ndani, likatoka jengine.

"Kunguru," nikasema.

"Kunguru gani?" akauliza Ngwali.

"Jana, mnakwenda kutawadha, dirisha liko wazi. Nimemwona kwa macho yangu haya. Kabeba kitu mdomoni kinang'ara rangi saba. Tena si kunguru wa hapa, yule ni wa kisiwani Makoongwe. Nawajua wale tangu niko bandarini. Walimwibia nahodha miwani, na mmoja wao alikuwa akiivaa."

"Mbona hukusema jana?"

"Nilidhani kabeba samaki." Na mdomo huu, ukishaanza, haujui breki. "Lakini safari ya Makoongwe ni ndefu, lazima kwanza alipumzika minazini."

Ngwali akapanda minazi saba siku ile. Kwenye wa sita alikuta kiota, na mwenye kiota akamdonoa juu ya jicho. Akashuka anatoka damu, na mie ndiye niliyemfunga kitambaa. Aliniambia, "Ahsante, Mzee Abrahman." Nikaitikia.

Jioni Muhannad akapiga simu kutoka Maskati. Sauti iliwekwa juu ili sote tusikie. "Baba, mambo ya sidii yamekwisha dunia hii. Nimeshakununulia ya kupakua. Hiyo haiibiwi na kunguru, haikwaruziki, haipotei. Itashuka yenyewe kwenye mashine."

Basi ikaanza kushuka. Waliunga mashine na simu ya Tamima, na simu ikaning'inizwa dirishani kwa kanga, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unapopita. Kwenye kioo iliandikwa: zimebaki saa mia nne na kumi na mbili. Bando likiisha inasimama. Umeme ukikatika inasimama. Tamima akienda kazini na simu yake inasimama. Siku ya tisa ilikuwa asilimia kumi na nne.

"Na ikishafika," Mbaruk akamuuliza mwanawe, "naishika wapi?"

"Haishikwi, Baba. Unabonyeza padi tu, inafunguka."

Mbaruk akautazama mkono wake. "Hewala," akasema.

Nilikwenda kila siku, maana nisingekwenda wangeshuku. Nilikunywa chai yao. Siku baada ya siku niliona vidole vinarudi kujikunja, na kila siku nilisema leo nitasema. Kurudisha ile sidii peke yake kulikuwa hakutoshi tena. Kulikuwa na kunguru wa kurudisha, na minazi saba, na jicho la Ngwali. Bi Maisa alirudia kumlisha mumewe, na mie nikageuza uso nikajifanya natazama asilimia.

Wiki ya tatu nilipiga hodi, hapakuwa na jibu, nikaingia. Mbaruk alikuwa peke yake. Amelishika kasha tupu. Akabonyeza kitufe, akang'oa hewa, akaibana ile hewa kwa vidole viwili vinavyotetemeka, akaipeleka mpaka mdomoni mwa mashine, akaiachia. Akaanza tena. Aliponiona akaona haya, akalifunga kasha.

"Yakhe," akaniambia, "hebu nikumbushe. Sidii ilikuwa na unene gani? Vidole vimesahau. Sijui nivibane kiasi gani."

Nilitoka bila ya kuaga, nikaenda mbio kondeni, mzee wa miaka sitini na sita, kanzu nimeikunja magotini.

Nilikuwa nimesahau kuwa siku ile ndiyo niliyowaomba wanawake wa mtaani waje kunivunia, maana mie mgane sina wa kunisaidia. Walikuwa wameshafika, kila mmoja na kisu chake, wanakata suke moja moja. Na katikati ya konde, chini ya kamba, amesimama Bi Maisa. Shingo ameipinda. Sidii moja imegeuka kwa upepo, na nukta nyekundu inamtazama.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinyoosha mkono akaishika, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeko kwenye shughuli:

"Mzee Abrahman. Sahani yangu hii, huku imekuja kwenye harusi ya nani?"

Visu vikasimama.

"Kunguru..." nikaanza.

"Kunguru ndiye aliyefunga fundo hili?" Akauinua uzi. "Si fundo la bandarini hili? Si ndilo unaloringia miaka yote kuwa Mgogoni nzima hakuna alijuaye ila wewe?"

Mwanamke mmoja akacheka, wenziwe hawakumfuata, na hapo ndipo nilipojua hali yangu. Watu wa kwetu hata wakinikasirikia hucheka. Siku ile walitazama chini kwenye mpunga, kana kwamba nimekutwa sina nguo.

Akanitanguliza mbele mpaka kwao. Akamwekea mumewe sidii mapajani. Ilikuwa imekwaruzwa uso mzima, kwa wiki tatu za kugongana na wenziwe upeponi. Mbaruk akaitazama, akanitazama. Akaiokota kwa mkono wa kulia. Ikaanguka. Akaiokota tena, ikaanguka. Mara ya tatu aliibana ukingoni, akaifikisha, ikaingia. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikaitema.

"Ahaa," akasema. "Unene wake ndio huu." Na wallahi, akaongeza, "Ahsante."

Kisha akauliza, "Lakini kwa nini, Abrahman?"

"Tisa bila," nikasema. Lilikuwa neno langu la kweli la kwanza kwa wiki tatu, na lilikuwa dogo mno.

Ngwali, kidonda juu ya jicho, alikuwa mlangoni. Hakunipiga. Alisema tu, "Minazi saba, Mzee," akaondoka.

Kesho yake niliupakia mpunga wangu, nusu gunia, nikaupeleka Tibirinzi kwa Ashraf, anayeuza na kubadilisha sidii za gemu. Nikamwambia chukua huu, nipe ya mpira. Akacheka. "Mzee, sidii nani anaziuliza siku hizi? Watu wanapakua." Atanitafutia Unguja. Pengine itafika kabla ya nikaha, pengine baada yake. Mpunga nikauacha kwake. Za kwangu zote arubaini Bi Maisa alishazikata kambani akazitia motoni, na aliyebakiwa na mpunga ambao haujavunwa ni Ngwali. Kwa hivyo asubuhi hukaa juu ya dungu kondeni kwake nikiwafukuza ndege kwa koo langu hili bovu. Ndege nao wananipuuza, nadhani wameambiwa.

Nilipomweleza Bi Maisa ya Ashraf alifikiri kidogo, akasema, "Basi mpaka ije, wewe ndio sidii."

Ndiyo malipo yangu. Kila siku baada ya laasiri nakaa mkekani mbele ya Mbaruk, magoti yetu yanagusana, baraza imejaa, na ananishika mkono wa kulia, ule ule ulioingia kwenye kasha. Anabana, anaachia, anabana.

"Tena kimya," Bi Maisa alituonya siku ya kwanza. "Ole wake atakayetamka neno moja la nikaha, hata kwa mzaha. Mzaha wa ndoa ni ndoa, na mie mwanangu simuozeshi kwa karani wa mbuzi."

Watu wakacheka, mie nikaambiwa nisifungue kinywa kabisa, ili isije ikatokea ajali. Nusu saa nzima. Hamjui adhabu hiyo.

Leo ni siku ya kumi na moja, nikaha imebakia siku tisa. Vile vidole vilikuwa baridi na vyepesi, na mie natazama mkeka, maana uso wa Mbaruk bado siwezi kuutazama. Barazani mtu akauliza zile habari za kunguru mwenye miwani, ilikuwaje hasa? Nikasahau. Nikainua kichwa, nikafungua mdomo, "Ilikuwa..."

Mbaruk akaubana mkono wangu. Mifupa ikalia. Nikatoa yowe, na Bi Maisa akaja mbio kutoka jikoni, akasimama, akaitazama ile mikono, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kimya, bwana harusi," akasema Mbaruk.

Nikanyamaza. Nusu saa ilipokwisha nilisimama mlangoni, kama ilivyo kawaida tangu nilipoungama ile habari ya kofia, nikavua kofia, nikainamisha kichwa ili Bi Maisa auone utosi wangu kuwa hauna kitu, nikavaa kofia, nikaenda zangu.